Upana wa Kawaida

Gitau alikuwa amependa. Hilo tuliseme mapema, maana mwenyewe alichukua miezi kulikubali, na binti yake Wanjugu, ambaye ni nesi na amezoea kuiona homa kabla haijapanda, alilijua zamani akanyamaza. Mzee wa watu, fundi mstaafu wa karakana ya reli Nairobi, aliyefiwa na mkewe miaka mingi nyuma, alikuja Sydney kumtembelea bintiye kwa muda mfupi tu. Korona ikafunga mipaka nyuma yake. Sasa ulikuwa mwaka wa pili yuko Lidcombe, baridi ya Julai inamtesa, anavaa sweta juu ya sweta, na usingizi unampaa kwa sababu ya mama wa nyumba ya pili.

Mama huyo aliitwa Chibalonza. Alikuwa Mkongomani, mjane, mwenye kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Aliishi na mwanawe Destin, aliyefanya kazi kwenye ghala moja upande wa Villawood, pamoja na Ketsia, binti mdogo wa Destin. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na uzio wa mbao uliozeeka, ubao wake mmoja umeng'oka chini, na urafiki wa nyumba hizo ulipita juu ya uzio huo ukiwa ndani ya sahani.

Sahani yenyewe ilikuwa ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu. Majira ya baridi ya mwaka uliotangulia Chibalonza aliileta imejaa sombe, mboga ya majani ya muhogo, aliposikia kwamba nesi wa jirani anafanya zamu mbili na baba yake hajui kupika. Gitau alikula, akaiosha, kisha akaketi akaitazama. Maisha yake yote hakuwahi kurudisha sahani ya mtu. Hiyo ilikuwa kazi ya marehemu mkewe. Lakini alijua, kama anavyojua kila aliyelelewa na mama, kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Basi akajifunza kusukuma chapati kwa kutazama video za simu. Za kwanza akawatupia ndege, zilizofuata akazipeleka. Sahani ikarudi na samaki. Ikaenda na maharagwe. Chibalonza alikuwa akiipokea na kusema, "Aa, Papa Gitau, unajua hii sahani haiwezi kurudia bule, sasa umenipatia tena kazi!" Na mzee anarudi ndani akiimba nyimbo za kanisani, sauti ya pili.

Kisha, katikati ya mwaka wa 2021, Sydney ikafungwa upya, na mitaa yao ya magharibi ikabanwa kuliko mingine. Hakuna kutembeleana, barakoa hata nje, helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa. Wanjugu alikuwa wodi ya wagonjwa wa korona, na alichokiona huko hakutaka kukiona nyumbani kwake.

"Baba, sikiza," alisema akiwa bado amevaa sare ya kazi. "Hiyo chest yako naijua. From today hakuna kusimama kwa fence kuongea na mtu. Hata Mama Destin. Especially Mama Destin."

"Kwa nini especially?"

"Juu mkianza kucheka hamkumbuki mambo ya distance."

Gitau alitaka kubisha, akaona jinsi macho ya bintiye yalivyochoka, akatii. Tatizo ni kwamba sahani ilikuwa kwake. Kila akifungua kabati anaiona, na moyo unamuuma, maana sahani ya mtu ikikaa kwako mno inaanza kusema maneno. Tena alikuwa na haraka nyingine asiyoitaja kwa mtu. Habari zilisema mipaka ingefunguliwa kabla mwaka haujaisha. Ikifunguliwa, atapanda ndege arudi kwenye nyumba yake ya kimya kule Kinoo, nje kidogo ya Nairobi, isipokuwa Chibalonza amwambie abaki. Na Chibalonza hawezi kumwambia abaki kama hajaulizwa. Gitau alikuwa amefungua injini za kila aina na kuzirudisha zikanguruma, lakini swali hilo hakujua hata linaanzia wapi.

Matembezi ya afya yalikuwa yameruhusiwa, na yake yalimfikisha daima kwenye stesheni ya Lidcombe, ambako njia za treni zinakutana na kuachana. Alikuwa akisimama darajani kuzitazama treni za ghorofa zikipita karibu tupu, huku akiguna. Reli za hapa aliziona pana kupita kiasi, reli za watu wenye ardhi ya kuchezea. Siku moja akiguna hivyo, wazo likamwingia, akarudi nyumbani mbio kiasi cha kuvuta pumzi kama mwizi, akampigia Chibalonza simu.

"Mama Destin, nataka kujenga reli. Kutoka veranda yangu mpaka veranda yako, ipite pale ubao ulipong'oka. Sahani ipande treni."

Akadhani amejiaibisha.

"Papa Gitau," Chibalonza akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "unajua papa yangu alitumikaka wapi?"

"Sijui."

"Ku reli. Kalemie, pale pembeni ya ziwa. Mi nimezaliwa mu nyumba ya reli. Train ikichelewa, siye batoto hatulale. Wewe jenga kwako. Huku kwangu najenga mi mwenyewe."

Ilibidi Gitau atafute kiti. Alikuwa amempenda mama huyu kwa kicheko chake na kwa samaki wake, bila kujua kwamba ni mtoto wa reli, na sasa alijiona amebarikiwa kupita stahili yake. Wakakubaliana palepale kwamba kila kitu cha reli ya kweli wakigawe kwa kumi.

"Na upana?" Gitau aliuliza, kwa mazoea ya ufundi tu.

"Upana si ule wa kawaida?"

"Ule wa kawaida, ndiyo."

Wakacheka wote wawili, kwa swali la kijinga namna hiyo.

Ujenzi ulikuwa raha tupu. Watu wa Sydney wana desturi ya kurundika mbele ya nyumba vitu wasivyovitaka, wavichukue watu wa halmashauri, na wakati ule wa kufungiwa kila familia ilikuwa imegundua takataka zake. Gitau alipita na toroli akiokota fito za pazia, vyuma vya vitanda, mbao za kabati. Mataruma aliyakata mwenyewe, akayapanga kwenye nyasi, akalaza vyuma juu yake na kuvikaza. Injini aliitengeneza kwa debe la mafuta ya kupikia na mota ya keekee mbovu ya kutobolea mbao. Ndege weusi kwa weupe wa mtaa ule, ambao wakianza kutaga huchukia kila kichwa cha binadamu, walimshambulia kila alipoinama, hata akaamua kufanya kazi amevaa sufuria.

"Papa Gitau!" Chibalonza alipaza sauti kutoka veranda yake. "Leo unapika kichwa?"

"Bado hakijaiva!"

Upande wa pili nyundo nayo ilikuwa ikilia. Gitau akisikia nyundo ile alikuwa akisimama kidogo kuisikiliza, kisha anaendelea na tabasamu lake la kijinga. Wanjugu aliyaona hayo kupitia dirisha la jikoni akamwacha. Baada ya wodi ile, kumwona mtu aliyefurahi kulikuwa mapumziko yake.

Siku ya kufungua njia walichagua Jumapili, baada ya ibada ya kwenye kompyuta. Gitau alivaa koti na tai. Mpango wake alikuwa ameupanga vizuri: treni ikifika salama, wote wakiwa wanashangilia, atasema neno lake. Chapati nne zililala kwenye sahani yenye ukingo wa buluu, sahani ikalala kwenye behewa. Wanjugu akapiga picha. Gitau akawasha, na injini ya debe ikaanza kwenda kwa heshima zake, ikapita kamba ya kuanikia nguo, ikapita mti wa ndimu, ikaingia chini ya uzio. Upande wa pili Destin na Ketsia wakapiga makofi.

Kisha magurudumu ya mbele yakatumbukia. Injini ikainamisha pua, behewa likapinduka, chapati zikatawanyika kwenye nyasi, na ndege mmoja akashuka akachukua moja kana kwamba aliiagiza.

"Koko, it fell in!" Ketsia alimwambia bibi yake.

"Nimeona, mwanangu. Papa Gitau, reli yako imekosa!"

"Reli yangu?" Gitau alitoa mfukoni kipimo chake cha mbao. "Yangu iko sawa. Pima yako."

Kwa asiyejua mambo haya: vyuma viwili vya reli vinalala sambamba, na nafasi iliyo kati yake mafundi huiita geji. Ukikosea vingine vyote treni itayumba lakini itafika. Ukikosea geji, haifiki. Chibalonza alipima. Destin akapima baada yake. Upande wa Gitau zilikuwa sentimita kumi kamili, kwa sababu reli aliyoifanyia kazi ujana wake wote ina upana wa mita moja. Upande wa Chibalonza zilikuwa kumi na kitu juu yake, kwa sababu reli ya Kalemie ni ile iliyopanda kutoka kusini, ya futi tatu na nusu. Kila mmoja alikuwa amejenga upana wa kawaida.

"Sasa mama, hii ya kwenu ni ya wapi?" Gitau aliuliza, bado akitabasamu kidogo.

"Hii njo reli. Ile yenu ya mita moja, siye tulikuwaka nayo. Papa yangu na benzake baliipanua, mbele ya mi kuzaliwa. Ile kadogo tuliiacha zamani, Papa Gitau."

Tabasamu likaisha. "Kadogo? Mama, reli hiyo ndiyo ilizaa Nairobi! Kabla yake pale palikuwa na maji na vyura!"

"Hata, lakini iko kadogo."

Destin, ambaye kazini ndiye huwasuluhisha watu wakigombana, alijaribu kuokoa mambo. Si kila mmoja awe na treni yake, halafu waweke chuma cha tatu kwenye njia nzima, zote mbili zipite? Gitau akatikisa kichwa. Tofauti ingekuwa kubwa, chuma cha tatu kingepata pa kulala. Hii yao haikufika hata unene wa kidole kidogo, na vyuma vingekanyagana. Ama huyu abomoe, ama yule abomoe.

Ketsia, ambaye Kiswahili anakisikia chote ila hajibu nacho, akasema mwalimu wao wa kwenye kompyuta amewafundisha habari hiyo hiyo. Zamani New South Wales na Victoria zilikuwa makoloni mawili, kila moja likajichagulia upana wake na kuanza kusukuma reli kuelekea bara. Reli zilipokuja kukutana mpakani, Albury, hazikuingiana. "So everybody had to get off," alisema kwa furaha ya mtoto anayejua jambo. "With all their bags. And get on another train."

"Njo vile," Chibalonza akasema. "Tumekuwa sawa na Bazungu." Lakini hakucheka, na akaingia ndani. Gitau naye akaingia ndani, na tai yake, na neno lake halijasemwa.

Sahani ikabaki pale ilipoangukia, chini ya uzio, nusu upande huu na nusu upande ule. Hakuna aliyeiokota. Mwenye kuiokota angekuwa ameonekana amekubali. Mvua ikanyesha ikaijaza, ndege wakaigeuza birika lao la kuogea, na wazee wawili wenye akili zao wakawa wanapita uani wakitazama mawingu. Simu nazo zilinyamaza. Gitau alipungua maneno mezani, na chapati alizopika zikawa ngumu, kwa kuwa hakuna wa kuzila ila yeye na bintiye.

"Baba, niulize kitu?" Wanjugu alimwambia asubuhi moja wakinywa chai. "Hiyo reli yenu ya mita moja, nani aliichagua?"

"Waingereza. Walisema itakuwa rahisi kuleta vifaa kutoka India, ndivyo tulivyoambiwa karakana."

"Na kwao England wanatumia hiyo?"

"Ah-ah. Kwao ni pana. Kama hizi za hapa."

"Na ya Mama Destin?"

"Hiyo pia ilitoka huko huko kusini, mambo ya wazungu wa madini, na Wabelgiji wakaifuata."

Wanjugu akaweka kikombe chini. "So mtu fulani alikaa kwa ofisi London, hajawahi kuona Nairobi, akachora line. Mwingine akachora yake. Hao wote hata kwao hawakuitaka. Na wewe, Baba, umekosana na mtu unayempenda juu ya hiyo?"

Gitau alifungua mdomo kukana hilo la kupenda, akaona hakuna faida. Halafu kicheko kikampanda kutoka tumboni, akacheka mpaka akakohoa, na nesi akamtazama kwa jicho la kazi mpaka alipotulia. Alijiona mjinga na alijisikia mwepesi, vyote pamoja. Miaka yote aliutetea upana ule kana kwamba ulichaguliwa na babu yake.

Ndipo alipokumbuka kitu. Alipokuwa kijana karakana, mafundi wakubwa walimwonyesha injini kubwa za mvuke wakamwambia, tazama magurudumu haya: yameundwa ili siku moja yaweze kusukumwa nje kidogo, yafae reli ya kusini. Wakubwa walikuwa wakiota kwamba njia za kaskazini na za kusini zitakuja kukutana. Hazikukutana. Injini zile zilisubiri miaka na miaka na uwezo wao, mpaka zikaegeshwa na nyingine zikakatwa chuma chakavu, magurudumu hayajawahi kusogea hata unywele. Gitau alimaliza chai yake akasimama.

Alikwenda mpaka kwenye uzio, akainama, akaiokota sahani. Kisha akapiga simu.

"Mama Destin. Papa yako na wenzake walipopanua ile reli, walisogeza vyuma vyote viwili, au kimoja?"

"Kimoja," Chibalonza alisema polepole. "Ile ingine baliiacha pa fasi yake. Juu ya nini unauliza?"

"Ni fundi tu anauliza fundi."

"Mi siko fundi. Mi niko mtoto wa fundi."

"Basi nauliza mtoto wa fundi: unaanzia wapi?"

Na kicheko kile, alichokikosa kuliko alivyodhani, kikatoka kwenye simu na juu ya uzio kwa wakati mmoja. Chibalonza akamweleza yote aliyoyasikia kwa baba yake. Usilegeze njia nzima kwa mara moja. Legeza kipande, sogeza, kaza, ndipo uende kipande kingine, njia isije ikasahau umbo lake. Gitau alijua hayo yote. Alisikiliza kila neno kana kwamba hajui.

Alipanua njia yake kwa siku kadhaa, sufuria kichwani, akiwa na furaha isiyo na haya. Magurudumu ya injini ya debe aliyasukuma nje kwenye ekseli zake kwa nyundo ndogo, akayapima na kuyapima tena. Ila kulikuwa na jambo lililomtia wasiwasi. Upande wa pili nyundo ilikuwa ikilia tena, na misumari ikilalama kwa kung'olewa. Je, kama naye Chibalonza ameamua kuwa muungwana, anapunguza yake huku yeye anapanua?

"Mama Destin!" alipiga kelele. "Unafanya nini huko? Usiguse reli zako! Nakuomba!"

"Nani anaguza reli?" ikarudi sauti. "Angalia kazi yako, Papa Gitau!"

"Sasa unagonga nini?"

"Nagonga yangu!"

Jibu hilo halikumsaidia, lakini lilikuwa na kicheko ndani yake, akarudi kwenye misumari yake.

Safari hii alitaka kufuata utaratibu. Mtu hajiposei mwenyewe. Unatuma wazee wenye maneno. Lakini wazee wake wote walikuwa Kiambu, na sheria ya serikali ilizuia hata wawili kuingia mlangoni. Akampigia Destin wakati wa mapumziko yake kazini, akakohoa, akaanza kueleza kuhusu nyumba mbili na heshima na umri, mpaka Destin akamwonea huruma.

"Papa, mi nimeelewa tangu sombe ya kwanza," alisema, na nyuma yake mashine za ghala zilikuwa zikinguruma. "Lakini mi siko boss wa mama yangu. Muulize mwenyewe. Mi kwangu ni yes."

Ikafika Jumapili nyingine, ya Oktoba, jua limechangamka. Kesho yake watu waliochanjwa wangeruhusiwa kutembeleana majumbani, na wote wa nyumba hizi mbili walikuwa wamechanjwa, Wanjugu alihakikisha. Gitau angeweza kungoja kesho. Hakungoja. Alivaa koti na tai, akajaza sahani mukimo alioponda kwa mikono yake, akaufunika na kitambaa, akawasha.

Treni ikapita kamba ya nguo. Ikapita mti wa ndimu. Ilipofika chini ya uzio Gitau alifumba macho, na alichosikia ni ule mdundo mdogo wa magurudumu yakivuka kiungo, moja, lingine, kisha behewa, na kisha makelele ya Ketsia, ambayo safari hii hayakuwa ya Kiingereza wala Kiswahili. Treni ilikuwa imepita. Destin alipiga mluzi. Wanjugu alimkumbatia baba yake akalia kidogo, kwa sababu ya treni na kwa sababu ya mengine ya miezi ile.

Gitau akaona kwamba asiposema sasa hatasema kamwe. Akapanda juu ya kiti cha veranda.

"Mama Destin! Mipaka inafunguliwa! Natakiwa nirudi Nairobi! Mimi sitaki kurudi, nataka kukaa na wewe! Unasemaje?"

Kwenye nyumba ya tatu, ambako kuna mzee wa Kikorea anayemwagilia mboga zake kila siku, hata bomba lilifungwa.

"Papa Gitau," sauti ya Chibalonza ikaja, na ilikuwa ikitetemeka kwa kicheko au kwa kitu kingine, "umenichumbia kwa sauti ya kiwanja cha mpira. Nitakujibu na train. Kesho."

Kesho ilichelewa kufika. Gitau aliamka, akanyoa, akakaa verandani akilitazama tundu la uzio. Wanjugu, aliyekuwa na siku ya mapumziko, alimletea chai ikapoa, akamletea nyingine ikapoa. Kisha mota ikasikika, ule mngurumo wa keekee mbovu, na debe likajitokeza chini ya uzio likija polepole. Nyuma yake behewa. Juu ya behewa sahani, na juu ya sahani kitambaa kilekile.

Aliinama akafunua.

Sahani ilikuwa tupu. Imeoshwa, imefutwa, inang'aa, ukingo wa buluu kama siku ya kwanza, na hakuna kitu ndani yake. Hata punje moja ya wali haikuwamo. Tangu sahani ile ianze safari zake haikuwahi kuja hivyo, na yeye alijua maana yake, kila mtu aliyelelewa na mama anajua maana yake. Alijiambia kichwani mwake kwamba sawa, Kinoo si pabaya, nyumba ipo, kuku wapo. Wanjugu alisogea akamshika bega.

Ndipo nyundo ikagonga mara moja ya mwisho, na ubao wa uzio ukaanguka. Ukafuata wa pili, uliokuwa tayari umelegezwa misumari yake yote, na wa tatu. Nyuma yake alisimama Destin na nyundo mkononi, anacheka meno yote nje. Na kwenye nafasi hiyo, iliyomtosha mtu mzima kupita bila kujikunja, akapita Chibalonza amevaa kitenge anachoendea harusi za watu, pua imepakwa poda. Alipita juu ya reli kwa uangalifu, asizikanyage, akapanda ngazi za veranda akasimama mbele ya mzee.

"Juu ya nini una sura kama ya mgonjwa?"

Gitau akamwonyesha sahani.

"Ndiyo, iko bule," Chibalonza akasema. "Sahani ya jirani njo hairudiake bule. Sasa, Papa Gitau, unanihesabu bado jirani?"

Alisubiri mpaka alipoona kwamba mzee ameelewa. Haikuchukua muda, uso wote ulifunguka, na machozi yakashuka bila ruhusa. Kisha Chibalonza akaichukua sahani mikononi mwake, akampita Wanjugu mlangoni akimpiga busu la shavu, akaingia jikoni ambamo hakuwahi kuingia. Akafungua kabati la kwanza, halikuwa lenyewe. Akafungua la pili, akaona sahani za nyumba zimepangwa, akaiweka ile yake juu yao akafunga mlango.

"Haya," alisema akikunja mikono ya kitenge. "Unga uko wapi?"